Aliyewarudishia Wanaume Mirija Yao

Nianze na waliokuwepo, maana najua mtaniuliza. Alikuwepo Mzee Ogola, mume wa marehemu, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza, kofia ameilaza mapajani. Alikuwepo Boke, Mkuria kutoka upande wa Isebania, ambaye miaka mingi aligombania wateja na marehemu, na siku hiyo akalia kwa sauti kuwashinda hata dada wa marehemu wa tumbo moja. Alikuwepo Sista Melda, muuguzi aliyestaafu, ambaye zamani alikuwa anagawa dawa za kifua kikuu pale kliniki ya karibu na soko letu. Alikuwepo mchungaji wa kanisa letu la Sabato, aliyekuja kwa sababu mimi nilimwomba, na ambaye njia nzima kutoka Migori alikuwa ananiuliza, "Lakini mama, nitasema nini?" Na nilikuwepo mimi, ambaye sikuwa ndugu wa marehemu, wala siwezi kusema nilikuwa rafiki yake, ila nilimuuzia kimea miaka ishirini na mitatu. Tulikuwa tumekuja upande wa Mbita, kwenye boma la mumewe, kumzika Peres, ambaye soko zima la Migori lilimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. Kazi yake ilikuwa kupika busaa, ile pombe yetu ya nafaka. Alikufa Jumanne asubuhi, akiwa amekaa mlangoni anamkaripia kuku, na habari ilinikuta nikipepeta wimbi. Niliweka ungo chini nikasema, "Haiwezekani, jana amenitukana kwa simu akiwa mzima kabisa."

Ninyi mnaosoma safu hii mnajua kwamba mimi ni mtu wa kanisa, sijaonja pombe tangu nizaliwe. Basi mtashangaa kwa nini leo ninampa mpika pombe ukurasa mzima. Sababu ni kwamba wiki hii, kabla hatujatoka matanga, redio imesema tena yale maneno ya watu wa afya, kwamba hakuna kipimo cha pombe kisichodhuru mwili, na nimesikia soko likijibu vilevile lilivyojibu miaka ile. Mwenye duka la nguo akasema, "Hao wanataka tunywe nini, maji ya mto?" Mama wa omena, muuza dagaa, akasema hayo ni maneno ya wanaume wake, si yake. Kijana wa boda boda akasema yeye hanywi pombe, anakunywa bia. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kwa sababu mtu aliyejua namna ya kuwajibu wote alikuwa amelala ardhini tayari.

Nawarudisha nyuma miaka mingi, kwenye baraza ya chifu. Afisa wa afya alikuja na picha kubwa ya ini, akaitundika kwenye mti kwa kamba ya manila. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, akaongea Kiswahili safi kuliko chetu. Akasema pombe inaharibu ini, inaharibu moyo, na inaharibu mtoto aliye tumboni. Akasema kama mtu anaweza kuacha, aache, na kama hawezi, apunguze. Alipomaliza tu, Mzee Nyakwaka, fundi wa baiskeli, akanyoosha mkono.

"Daktari, babangu alikunywa tangu enzi za mkoloni, na akafa na meno yake yote."

"Alikufa akiwa na umri gani, mzee?"

"Ah, wazee wa zamani hawakuandikwa."

Baraza ikacheka. Mwingine akasema serikali inakula ushuru wa bia kwa mkono huu, kwa mkono ule inatuonyesha picha ya ini. "Na hilo ni ini la nani? Mbona limenona hivyo? Hilo ni la mheshimiwa!" Watu wakapiga makofi. Lakini jambo nililoliona siku ile, na ambalo sijalisahau, ni kwamba hakuna aliyedhani anaambiwa yeye. Wanywaji wa bia za chupa waliokaa mbele, wenye maduka hao, waliitikia kwa kichwa kwa sababu walijua anasemwa mnywaji wa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Wa chang'aa wakanong'onezana kwamba anasema zile pombe za vifuko vidogo zinazovushwa mpakani. Wa busaa ndio hawakujisumbua hata kidogo, kwani kwao busaa ni chakula: ni unga wa mahindi, ni wimbi, mtu ananywa anashiba analala, pombe iko wapi hapo? Nasi wanawake wa Sabato tulipiga makofi kuliko wote, tukijua kwamba maneno yale yanamhusu kila mtu isipokuwa sisi. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo na gunia la kimea katikati ya miguu yangu, nikingoja baraza iishe nikawauzie wapika busaa.

Kwa wale wasioijua kazi hiyo: kimea ni wimbi linalolowekwa, likaoteshwa ndani ya gunia lenye unyevu, likaanikwa juani, kisha likasagwa. Bila kimea, unga wa busaa hukaa tu kama uji uliosahauliwa. Kimea ndicho kinachouamsha. Nilijua hilo vizuri, maana ndicho kilichonilishia watoto baada ya baba yao kufa, na sikuwahi kumwambia Mungu habari zake.

Basi Nyar Karungu akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akauliza, "Mtu anayemeza dawa za kifua, akinywa kidogo tu, jioni, amechoka?"

Afisa akasema hata kidogo si kizuri. Zile dawa zina kazi kubwa kwenye ini, na pombe inakwenda kulilemea ini hilohilo. Tena mlevi husahau vidonge, leo anameza kesho hamezi, na ugonjwa ukirudi hapo unarudi na ukaidi, hausikii tena dawa ya kwanza.

"Na busaa ni pombe?"

"Busaa ni pombe, mama."

"Asante. Mimi nilijua. Nilitaka uiseme wewe mbele yao."

Wanaume wakapiga kelele. "Nyar Karungu, unaua biashara yako kwa mdomo wako mwenyewe!" Naye akajibu kabla hajakaa, "Inauawa na wateja wanaokufa, omera, ndugu yangu. Mwaka huu nimechangia majeneza mangapi?" Kicheko kikapungua, kwa sababu walikuwa wanayajua yote.

Sasa niwaambie kwa nini swali lile lilinichoma mimi. Mwanangu wa mwisho, Owino, alikuwa amechimba dhahabu Macalder miaka saba. Alirudi kwangu na kikohozi, mbavu zinahesabika kupitia shati, na siku moja akatema damu kwenye beseni langu la kufulia. Kliniki wakamwanzishia dawa za miezi sita. Kila asubuhi alimeza mbele yangu wiki ya kwanza, wiki ya pili akaniambia anajua kumeza mwenyewe, yeye si mtoto. Na kila jioni alikwenda kwa Nyar Karungu. Nilijua. Nilikuwa namsikia akirudi akiimba, kisha akikohoa, kisha kimya, na mimi nilikuwa nakaa kitandani nikisikiliza kama baada ya kile kimya atakohoa tena. Nilikuwa nimemzika baba yake. Sikutaka kumzika huyu.

Kwa Nyar Karungu wateja wengi walikunywa kwa kikombe, lakini alikuwa ameweka pia chungu cha kizamani kwa wanaopenda mirija. Mrija huo wetu, oseke, ni mrefu kuliko mtu, una kichujio kidogo cha kufumwa kwenye ncha, na wanaume hukaa mbali na chungu wakivuta huku wakizungumza. Kila mmoja ana wake. Mrija haubebwi kurudi nyumbani, unakaa kwa mpishi, umechomekwa kwenye dari, na mpishi anajua huu ni wa nani bila kuandikwa jina. Mwenye mrija ana kiti, na mwenye kiti ana neno la kusema. Mpishi akikurudishia mrija wako amekutoa kwenye kundi la wanaume, ni kama kufukuzwa kwenye boma. Owino alikuwa anatumia mrija wa marehemu baba yake.

Asubuhi iliyofuata baraza, niko mezani kwangu sokoni, naona watu wanageuka kutazama. Nyar Karungu anakuja katikati ya soko, mrija begani kama mtu anayekwenda kuvua samaki. Akaulaza juu ya meza yangu, juu ya kimea.

"Mama Owino, shika."

"Toa kitu hicho hapa! Watu wa kanisa wananiona!"

"Waone. Ni cha mume wako. Kijana wako hakai tena kwenye chungu changu mpaka amalize dawa. Na si yeye peke yake. Nina mirija mingine minne ya wagonjwa nyumbani, naizungusha leo yote."

"Basi si umpe mwenyewe? Mbona unaniletea mimi?"

"Yeye nimemfukuza jana, akaniita mchawi. Nakuletea wewe kwa sababu chungu ni chako."

"Chungu changu! Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe!"

"Hujaonja, unapika tu," akasema, na wale wauza nyanya wakaanza kucheka. "Wimbi umeloweka wewe. Umeotesha wewe, umeanika wewe, umesaga wewe. Mimi natia maji. Halafu Jumamosi unavaa nyeupe unakwenda kuniombea mimi. Uwi, dada wa Sabato, ukifika huko juu uwaambie nilikuwa nakusaidia kazi."

Jamani, nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo gazeti halitayachapa. Niliufunga ule mrija ndani ya leso, lakini ni mrefu, ncha zote mbili zilitoka nje, na nilitembea nao hadi nyumbani nikisalimiwa na kila mtu. Mke wa mzee wa kanisa alinisimamisha akaniuliza kama naenda kupaka chokaa. Nikamwambia ndiyo. Huo uongo nimeutubu baadaye, lakini siku ile niliuhitaji.

Owino hakukaa bila pombe hata siku mbili. Alihamia kwa Boke, ambaye alikuwa amefungua nyumba ya busaa nyuma ya uwanja wa ng'ombe. Huko hakuna mirija, alipewa kikombe cha bati na kukaribishwa kwa heshima zote, kwani Boke alifurahi kupata watu wa Nyar Karungu. Wale wanne wengine nao wakamfuata. Wakawa wanajiita wakimbizi. Walikaa pale wakimcheka mwanamke aliyewafukuza: "Nyar Karungu sasa ni daktari! Anapima busaa kwa sindano!" Na mwanangu alizidi kukonda. Nilimpata siku moja amekaa ukingoni mwa barabara kuu hana nguvu ya kuvuka, magari ya Kisii yanapita, na kwenye mfuko wa koti nikakuta vidonge vya siku sita ambavyo hakuvimeza. Nilivihesabu mara mbili.

Nilikwenda kwa Nyar Karungu kupigana naye. Nilimwambia, "Umemfukuza, umeona alikokwenda? Kwako angalau nilijua aliko." Alikuwa anakaanga unga wa busaa kwenye bati, jasho linamtiririka, hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Boke anapika kwa kimea cha nani?"

Alikuwa analijua jibu: kimea changu. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Wakati huo kimea hakikauki, kinaota ukungu, na wauzaji wote wa sokoni walikuwa wamekaa bure. Mimi tu nilikuwa nacho, kwa sababu marehemu mume wangu aliniachia kibanda cha mabati ambacho nakaushia juu ya moto mdogo. Mvua zile ndizo zilikuwa msimu wangu. Ndizo zilizonipa karo, na bati la nyumba, na hata sadaka.

"Basi," akasema Nyar Karungu, "umekuja kunipiga mimi, na bomba lote la maji liko mkononi mwako."

Nilirudi nikakaa na magunia yangu. Boke alikuja siku ya soko na mfuko wake chini ya mkono, kama kawaida.

"Bibi, nipimie."

"Sipimi."

"Haya, kimeisha?"

"Kipo, unakiona. Sikuuzii mpaka umtoe Owino kwako. Yeye na wale wengine wanaomeza dawa."

Akanitazama, akamtazama jirani yangu, akanitazama tena. "Mama wa Sabato, leo umekunywa nini?"

"Nimekunywa chai. Mtoe mwanangu."

"Mwanao ana ndevu! Nimfunge kamba? Nina watoto mimi, na busaa yangu inangoja kimea!"

"Na mimi nina mtoto, Boke. Wako wanangoja chakula. Wangu anangoja nini?"

Aliondoka akitukana kwa Kikuria, na ni bahati kwamba Kikuria changu ni cha sokoni tu. Akaenda Awendo hakupata, akaenda mpaka Sirare ng'ambo ya mpaka akaletewa kilichooza, busaa ikatoka na harufu ya soksi na wateja wakaimwaga. Siku ya tisa nilimwona anakuja, na kando yake anatembea Owino, amemshika juu kidogo ya kiwiko kama askari na mwizi. Akamkalisha kwenye gunia langu. Akaweka na kile kikombe cha bati mezani.

"Mtoto wako huyo. Nimewaambia na wale wanne: wakija kwangu nitawaonyesha mlango. Nipimie kimea."

Nilimpimia, nikamwongezea kisahani. Tangu siku hiyo wapika busaa wote waliokuwa wakinunua kwangu, saba kwa jumla, walijua sharti. Mwenye kumpa pombe mtu wa dawa hapati kimea. Wanaume walilalamika mpaka kwa chifu. Walisema wanawake wamepindua serikali. Walitutungia majina, mimi wakaniita Waziri wa Kimea, na Nyar Karungu wakamwita Kliniki. Yeye alilipokea lake akiwa amesimama mlangoni: "Ndiyo, mimi ni Kliniki, na wewe mwenyewe leo hujameza. Rudi ukalete vidonge vyako hapa!"

Ndivyo ilivyoanza ile desturi ambayo wengi wenu mmeisikia mkadhani ni mzaha. Kliniki ilitaka kila mgonjwa awe na mtu wa kumshuhudia akimeza kila siku. Mimi Owino alikuwa hanisikii. Lakini miguu yake ilikuwa imezoea njia ya kwa Nyar Karungu. Basi huyo mama akasema waje kwake hukohuko, asubuhi, wameze mbele yake, na akimaliza kumeza kila mmoja anapewa kikombe cha uji wa wimbi, mtamu, wa moto, katika kiti chake kilekile cha zamani. Alikwenda kliniki kujiandikisha, nami nikamsindikiza. Sista Melda, ambaye ndipo nilipomjua, alishika kalamu akaiweka chini.

"Mama, siwezi kuandika kwamba wagonjwa wangu wanamezea dawa kwenye nyumba ya pombe."

"Andika ukweli mwingine, binti yangu. Mimi si jirani?"

Sista Melda akaandika: jirani. Kila mwezi alikuja kuhesabu vidonge mwenyewe, na alivikuta sawa. Mwanzoni alikuwa anakataa uji. Mwezi wa tatu alikuja na kikombe chake.

Siku Owino alipomaliza, makohozi yake yalipimwa yakaonekana safi. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba ni siku hiyo, niliogopa kuitaja. Nilimwona anakuja kutoka upande wa kliniki, anatembea katikati ya soko, karatasi ameishika juu kwa mikono miwili. Shati lilikuwa limeanza kumbana kifuani. Sikungoja asome. Nilipanda juu ya kiti, mimi mwanamke wa umri ule, nikapiga vigelegele mpaka mama wa omena akadhani nimeibiwa. Owino akanipita! Akanipita mimi mama yake, akaenda moja kwa moja kwa Nyar Karungu, na mimi nikamfuata mbio. Nilimkuta amepiga magoti kwenye majivu. Yule mama alikuwa anaipindua pindua karatasi, maana hakujua kusoma, akaniuliza, "Imeandikwa nini?" Nikamsomea yale niliyoweza, mimi niliyeishia darasa la nne: "Imeandikwa atatuzika sisi."

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo tulikuwa watakatifu. Owino aliomba mrija wake akakataliwa, Nyar Karungu akamwambia dawa zimekwisha lakini ini ni lilelile. Alinuna wiki mbili. Kwenye arusi ya binamu yake alionja, na mimi nilimwona, naye alijua nimemwona. Lakini hakurudi kwenye kundi, wala hakurudi mgodini. Leo anaendesha posho mill, mashine ya kusaga unga, ana mke na watoto wanne. Na Nyar Karungu hakuacha kupika. Alipika mpaka magoti yalipokataa. Miaka ya baadaye yule afisa alirudi, nywele zimepungua, akamkumbuka yule mwanamke wa maswali, akamwambia kwa upole, "Mama, ushauri wetu ni kwa wote, si kwa wagonjwa tu." Akamjibu, "Najua, mwanangu. Mimi nilianza na wale wanaokufa kwanza. Wewe endelea na hao wengine, bado una miguu." Kwenye orodha ya anaowanyima pombe alikuwa ameongeza mwenyewe wajawazito, na dereva yeyote mwenye ufunguo mkononi. Kuhusu mimi, sikuacha kuuza kimea siku ile wala mwaka ule. Niliacha kidogo kidogo, na sasa ninauza wimbi la uji tu, lakini nilichelewa, na nimeona heri mlisikie hilo kutoka kwangu.

Sasa turudi kwenye mazishi. Kwenye karatasi ya ratiba familia iliandika kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara. Mchungaji aliisoma, akanitazama. Kisha akaikunja akasema, "Nimeambiwa mama huyu alipika pombe. Mimi nahubiri dhidi ya pombe. Nimehubiri miaka thelathini, na sijui kama nimemzuia mtu mmoja. Nataka kuwaona wale aliowazuia yeye. Wasimame."

Walisimama wanaume tisa. Hawakuwa wamekaa pamoja. Mmoja alisimama kule kwenye sufuria, mwingine alikuwa ndani ya kaburi akimalizia kusawazisha, akachomoza kichwa na mabega, na huyo alikuwa Owino wangu, amejaa udongo. Ndipo Boke, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, akaruka juu akapaza sauti, "Angalieni mashavu hayo! Angalieni matumbo! Huo ni uji wa Peres!" Na watu walicheka, jamani, wakapiga vigelegele, wanawake wakaanza kucheza kuzunguka jeneza, Sista Melda na viatu vyake vyeupe akiwa ndani ya mduara, na Mzee Ogola akavaa kofia yake akasimama kwa fimbo akasema, "Hivyo ndivyo. Sasa mnaweza kumzika." Nimekwenda kwenye mazishi mengi katika kaunti hizi mbili. Sijaona mengine ambayo kifo kiliondoka kimeaibika namna ile.

Ninachokiona, ndugu zangu, ni kwamba maneno ya watu wa afya si mabaya wala si magumu. Hata mimi niliyaelewa siku ya kwanza. Yanaanguka chini kwa sababu kila mmoja anayapokea kwa niaba ya jirani yake. Siku ile tulikuwa watu wengi pale barazani, na mmoja tu ndiye aliyerudi nyumbani akijua kwamba ameambiwa yeye, na alikuwa ndiye mwenye kupoteza kuliko wote. Ukisikia redio wiki hii, kabla hujauliza wanamsema nani, tazama ni kitu gani kiko mkononi mwako, chupa au gunia, na ni nani anayengoja ukiachilie.

Mkumbuke mimi ni mzee, na nimeandika haya kwa kichwa tu. Wale tisa waliosimama ninawakumbuka hivi: Owino wangu, Odhiambo fundi wa viatu, Chacha wa ng'ombe, Okeyo wawili, mrefu na mfupi, Marwa mlinzi wa godauni, Juma kinyozi, Onyango aliyeoa Karungu, na Ouko wa mtumbwi kutoka Mbita, aliyekuja Migori kwa shangazi yake kutibiwa. Kama nimekosea jina, nisahihisheni. Lakini Sista Melda ananiambia kwamba kwenye daftari lake la zamani wako zaidi ya tisa waliomeza kwa yule jirani wakapona, ila amesahau nani na nani. Basi kama na wewe ulikuwa mmoja wao, na hukuja Mbita kwa sababu hukupata habari, au uko mbali, au ulikuwa kazini, usitume barua. Njoo mwenyewe sokoni, usimame mbele ya meza yangu nikuone ulivyonenepa, uniambie mbele ya watu wote kwamba hesabu yangu ni ya uongo.